Severa na Dirisha la Mtaa wa Sikukuu

Asubuhi ya mwisho tuliyokaa kama siku zote, Severa aliamka kabla yangu akafungua dirisha. Ndivyo alivyofanya miaka yote ya ndoa yetu. Kwanza dirisha, halafu ishara ya msalaba, halafu chai. Nikamwambia vumbi linaingia. Akasema, "Litatoka." Tukanywa chai. Jioni alilalamika kifua, na kesho yake hakuamka.

Mimi si mtu wa maneno. Kuandika nilijifunza ukubwani, kisomo cha watu wazima, na mistari yangu bado inapanda mlima. Lakini wajukuu wameniuliza bibi yao alikuwa mtu gani. Nitawaambia habari ya dirisha.

Ilikuwa mwaka sabini na nne. Tulipanga chumba kimoja Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Niliuza ndizi zilizoshuka na malori kutoka kwetu Kilimanjaro. Soko jipya lilikuwa linajengwa, na mchana kutwa ardhi ilitetemeka kidogo, kama mtu anayeota. Hapo akazaliwa Wilbert, mtoto wetu wa kwanza.

Kwetu mzazi hukaa ndani miezi mitatu. Mama mkwe humpikia mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, na kumfunika, na yeye haokoti hata kijiti. Mama yangu alikuwa mbali, miguu inamsumbua. Akatuma maneno kwa dereva wa lori: "Mfunike. Upepo ukimpiga, maziwa yataganda." Nikashika neno la mama. Nikafunga dirisha, nikaziba nyufa kwa magunia. Nikamfunika Severa blanketi mbili, zile za mlimani. Mtori nikaupika mwenyewe, mzito, mwiko unasimama.

Na hiyo ilikuwa Dar es Salaam, mwezi wa pili.

Siku zile nazikumbuka kama nilikuwa chini ya maji. Chumba cheusi, mstari mmoja wa mwanga juu ya gunia, vumbi linaogelea ndani yake. Harufu ya ndizi na jasho. Mtoto analia, halafu analia kidogo, halafu anafungua mdomo tu. Matiti ya Severa yalikuwa magumu kama mawe, chuchu zimechanika, na mtoto hapati kitu. Kila akimweka titini, Severa aling'ata upindo wa kanga. Nami nikaongeza blanketi.

Siku ya tano nikaongea na dereva. Kesho lori likirudi Moshi, liwachukue wote wawili, wapande kwa mama.

Severa akanitazama. "Hatafika," akasema.

Nikajua anamsema Wilbert. Nikamwambia, hata hapa hatafika.

Chumba cha mbele yetu alikaa Zamda, mtu wa Rufiji, muuza vitumbua, amelea saba. Tangu siku ya kwanza nilimwambia kwetu mzazi haonwi. Siku hiyo hakupiga hodi. Alisukuma mlango, joto likampiga usoni, akarudi nyuma.

"Yarabi! Shemeji, mke unamvundika?"

Nikaukoroga mtori.

"Nakuuliza wewe, muuza ndizi. Unangoja aive?"

"Mama kasema..."

"Mama yako yuko kwenye baridi! Haya, toka. Mambo ya wanawake haya."

Nikaenda kukaa ukumbini. Kumbe nimezikalia ndizi zangu, wala sikujua. Nikasikia magunia yakianguka, dirisha likifunguka, kelele za mtaa zikiingia zote pamoja. Nikasikia maji yakinywewa, kikombe kwa kikombe. Zamda alimkanda kwa kitambaa cha moto, akamwambia akamue kidogo kwanza, titi lilainike.

"Mdogo wangu, usimpelekee titi. Mlete yeye. Tumbo lake kwa tumbo lako. Ngoja apanue mdomo kama anapiga miayo. Asishike ncha tu, ndiyo inayokuchana. Sasa!"

"Uwii!" Ni Severa.

Zamda akacheka. "Ulidhani ukishazaa kelele zimekwisha?"

Halafu kimya. Ndani ya kimya hicho nikasikia mlio mdogo, kama tone linaloanguka mtungini. Likasimama. Likaanguka tena.

Mwanangu anameza.

Haikuisha siku ile. Vidonda vilichukua wiki mbili, na Zamda alikuja kila asubuhi na uji wa pilipili manga. Lakini lori lilipanda Moshi bila wao.

Jioni ile niliingia chumbani na aibu yangu. Upepo ulikuwa unacheza na kanga kwenye kamba. Wilbert amelala, maziwa kidevuni. Nikakunja blanketi. Nikaikunjua, nikaikunja tena. Nikasema, kumbe nilikuwa nakuumiza.

Severa akapapasa kitanda kando yake. Alisema hivi, siongezi wala sipunguzi:

"Weka hiyo blanketi chini, Baba Wilbert. Ulitaka nipone haraka. Kaa hapa, tupone polepole."