Manyoya Yenye Uzi Mweusi

Kasuku wangu alianza kujinyonyoa mwenyewe baada ya mvua za kwanza, na mimi nikaanza kumficha. Niliachiwa na mwalimu mwenzangu alipohama hapa Nemba: ndege wa kijivu mwenye mkia mwekundu, mpole kama kifaranga. Ghafla akawa mkali. Akatafuna boksi la sabuni akalifanya kiota, akawa anacheua chakula na kunitemea mkononi, kisha akaugeukia mwili wake. Kila nikirudi kutoka shuleni nilikuta manyoya chini ya tundu, na kifua kimebaki ngozi tupu yenye vidonda.

Nilimpigia simu bwana mifugo. Akasema ndio msimu wao wa kuzaliana, na ndege anayefugwa peke yake huchanganyikiwa hivyo. Niondoe boksi, nisimpapase mgongoni, nimfunike mapema jioni apate giza la kutosha. Nikachukua kaniki yangu kuukuu, shuka nyeusi, nikafunika tundu, nikalisukumia stoo.

Kwa nini stoo? Kwa sababu nilikuwa na miaka sita kwenye ndoa na sina mtoto. Mume wangu anafanya kazi mbali, na ua wetu ni mmoja na mama mkwe, Msukuma aliyehamia huku na ng'ombe wake kutoka Shinyanga. Mimi ni Mhangaza wa Mabawe, nimelelewa na masista, najidai siamini mambo ya kurogwa. Lakini ndege asiye na mwenzi, anayejenga kiota na kujichuna kifua ndani ya nyumba ya mke asiyezaa! Nilijua ningeambiwa nini.

Basi nikawa nafagia manyoya na kuyatupa migombani. Sikuona kwamba yule ndege alikuwa anachomoa pia nyuzi za kaniki na kuzisokota pamoja na manyoya yake. Kuku wakachakura, wakavikokota vifungo hivyo hadi uani.

Jumamosi asubuhi mama mkwe aliniita. Kwenye kizingiti chake kulikuwa na kifungo kidogo: manyoya yenye damu, yamezungushiwa uzi mweusi. Hakukigusa.

"Mwanangu, tumbo lako limefungiwa hapa," akasema, machozi yanamlengalenga. "Na aliyelifunga kapita leo."

Aliyepita ni bibi jirani, mjane wa Kisubi, mwenyeji wa hapa, anayeishi peke yake ng'ambo ya migomba, macho mekundu kwa moshi wa kuni. Alikuja kuomba chumvi. Mimi ndiye niliyempimia.

Nilitaka kusema. Naapa nilitaka; badala yake nikarudi jikoni. Mchana wakaja shemeji zangu wawili, wakakitazama kile kifungo, wakaongea Kisukuma kwa sauti ya chini. Mmoja akaanza kunoa panga, na hapakuwa na kuni za kuchanja siku ile. Mimi nikaendelea kusonga ugali. Jumapili nikaenda misa, nikapokea komunyo, nikarudi bila kusema neno, mwoga mkubwa mimi. Njiani nilimkuta bibi anaanika mihogo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Chumvi yako nitairudisha."

Jumatatu asubuhi shemeji walikuwa wamesimama uani. Hawakuniamkia. Walipoanza kuelekea migombani nikaingia stoo mbio, nikatoka na tundu, nikaivuta ile kaniki mbele yao.

"Ni huyu! Anajinyonyoa mwenyewe. Wiki tatu namficha."

Ndege akatutazama na kifua chake kitupu. Hakunyonyoa hata unyoya mmoja, na nilihofu hawataniamini. Mama mkwe akasogea, akashika pindo la kaniki palipotafunwa, akaulinganisha uzi na ule wa kifungo. Kisha akakaa chini pale pale kwenye vumbi na kuwaambia wanawe waende nyumbani. Mimi hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Alasiri nilikwenda kwa bibi kumweleza mwenyewe, kabla hajasikia kwa watu. Alinisikiliza huku akigeuza mihogo yake juani, kipande kimoja kimoja.

"Tangu Jumamosi ulijua?"

"Niliogopa, bibi."

Mikono yake ikasimama.

"Wewe ulipata siku mbili za kuogopa," akasema. "Mimi ningeogopa saa ngapi?"