Mitaro Isiyo na Kahawa

Juzi niliona watoto wa jirani wakiruka mitaro shambani, nikakumbuka shule ilipotupeleka kuona mahandaki ya zamani ya jeshi, kilimani juu ya mji wa Bwera. Mama alikuja kusaidia walimu. Udongo ulinukia mvua, na mimi sikutulia kwa furaha. Nyumbani tulichimba mitaro ili mvua isibebe udongo wa kahawa, basi nikamwambia mwanajeshi aliyetuongoza:

"Afande, mulichimba muzuri! Kahawa iko wapi?"

Alicheka mpaka kofia ikaanguka. "Haya, ruka ndani!"

Tukaruka, tukakimbizana tukipiga kelele. Mama alishuka polepole, akaenda moja kwa moja kuketi kwenye kona ya mwisho. Nilidhani amechoka, nikamwomba mandazi.

Wakati wa vita, dada yangu mkubwa alizaliwa kwenye kona ile.