Mapichi Kwenye Friji la Soda

Mama alikuwa ameshaamua: miti miwili ya mapichi nyuma ya nyumba yetu, Nyamiaga, ikatwe, kaka apande kahawa. Matunda yanaiva kwa mpigo, watoto wanashiba, yanayobaki yanaoza na nzi wanahamia jikoni. Mimi ile miti niliipenda kupita kiasi. Nikamwomba anivumilie msimu mmoja tu.

Dada yangu ana duka Lusahunga, malori hayakosi pale, na dukani kuna friji la soda. Nikawaza, mapichi yakikaa kwenye baridi tutayauza taratibu! Nikachuma ya mti wa mapichi ya njano na ya mti wa mapichi meupe yakiwa bado magumu, nikapanda basi na ndoo zangu.

Siku si nyingi dada akanipigia simu. "Njoo uchukue pamba zako!"

Nilienda mbio. Ya njano yalipendeza kwa nje, ndani makavu, unatafuna kama unga. Meupe yalikuwa na maji kidogo, lakini nyama imegeuka kahawia kuzunguka kokwa. Nilikasirika, nikalitukana friji mbele ya wateja.

Niliporudi na ndoo nyingine, friji lilikuwa limejaa soda za harusi. Sasa nifanyeje? Kwa mazoea ya kwetu nikayavumbika, nikayafunika kwa majani makavu ya migomba kama ndizi za pombe. Dada alicheka mpaka akakaa chini. Soda zilipoondoka mapichi yalikuwa yameanza kunukia, nikayaingiza kwenye baridi.

Tulipoyatoa, meupe yalikuwa rojorojo, hayashikiki. Lakini ya njano, jamani! Niliuma moja, maji yakatiririka hadi kwenye kiwiko. Nikapiga ukelele, dereva mmoja akashuka kwenye lori kuona kuna nini, akaondoka na mfuko mzima. Nilifurahi hadi nikasahau chenji yake.

Nikakimbilia nyumbani na yaliyobaki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeniletea uozo wako?"

Nikampa la njano. Akala, akachukua la pili. Ikabidi nimwambie ukweli kuhusu meupe, kwamba baridi hayaiwezi hata uyabembeleze vipi.

"Nani alikutuma uyapeleke huko?" akasema. "Ule mti baba yenu aliupanda tule hapa hapa."

Kisha akatoka nje, akamwita kaka, akamwambia akachimbe mashimo ya kahawa kwenye shamba lake mwenyewe.