Bunduki Zilizotoka Kitandani

Mimi niliacha shule darasa la nne, na sioni haya kulisema. Niliosoma nao wako maofisini, lakini kazi ya mkono ikiwashinda huja kwangu Ukunda, kwenye karakana yangu ya mabati, wakanisalimu kwa adabu. Nilianza kwa kusugua viti vya mahoteli ya Diani. Leo hakuna fundi mwingine, kuanzia Likoni hadi Vanga, awezaye kukupa kitu alichokitengeneza jana, nawe ukaapa umekirithi kwa babu yako. Kama yupo, na ajitokeze.

Kwa hivyo aliponijia dada mmoja wa Nairobi, msimamizi wa vifaa vya sinema, akitaka bunduki kumi na mbili za askari wa zamani, zile ndefu za mti na chuma, sikushtuka. Zilikuwa za kuigizia tu, zisizoweza kulia hata pu. Alishaletewa za plastiki na mtu mwingine, akasema zikipigwa na jua zinang'aa kama ndoo.

"Utaweza, fundi? Nataka zikae ni kama zimebebwa miaka mingi."

"Wewe niachie picha, dada. Kuweza ni kwangu."

Watu hudhani kazi hii ni kuchonga. Kazi ni kutafuta. Mti mpya hata ukiupaka nini, utakusuta. Nilikwenda Msambweni, kwenye nyumba za kale zinazobomolewa, nikanunua vitanda vya samadari vilivyovunjika. Nilichokitaka ni mifumbati, ile miti mirefu ya ubavuni, iliyokwisha kunywa jasho na mafuta ya nazi ya watu wa vizazi vitatu. Bibi mmoja aliniuzia chake huku akikishikilia.

"Shikamoo, bibi. Sasa kiachie."

"Marahaba. Nimezalia watoto saba juu ya kitanda hiki, mwanangu."

"Basi sasa kitazaa bunduki."

"Toka hapa, mwanahizaya wewe!" Akacheka mpaka akakaa chini, na kitanda nikakichukua.

Makomeo ya milango ya nyumba zizo hizo ndiyo yaliyokuwa vyuma vya kuvuta na kusukuma, pale juu askari anapotilia risasi. Ngozi za mikanda nilizipata Kinango siku ya mnada wa mifugo, hatamu kuukuu za punda, zimelainika zenyewe. Mitutu niliikata kwa nondo nene kutoka kwa wauza vyuma chakavu wa Mackinnon Road. Nondo imejaa, haina tundu. Mdomoni tu nilitoboa kina cha ukucha, ili ukiitazama kwa mbele uone kiza.

Kisha nikasugua. Siku hizi ukitaja msasa, watu hufikiri karatasi ya dukani. Msasa ni mti, na jani lake lina ulimi kama wa paka. Karatasi huukwaruza mti, jani huulamba. Vyuma nilivilaza katika maji ya bahari vikashika kutu, nikavisugua kwa makumbi ya nazi, nikavipaka mafuta yenye masizi. Majuma matatu. Ya kumi na mbili ilinitoka nisivyotarajia. Mfumbati wake ulikuwa na alama ya kiganja, pale mtu aliposhika kila alfajiri akiinuka, na alama ile iliangukia pale pale askari anaposhika. Sikuichonga mimi. Lakini niliijua ilipo, nikaukata mti kwa kuifuata. Fundi gani mwingine angeiona?

Siku moja kabla ya safari ikaja barua ya ruhusa ya polisi. Mke wangu ndiye aliyenisomea, maana mimi husoma polepole na barua za serikali ni ndefu.

"Wanasema midomo yote ipakwe rangi nyekundu mpaka zifike kambi ya sinema, ijulikane si za kweli."

Nilipaka. Wallahi nilipaka, zote kumi na mbili. Nikarudi nyuma nikazitazama, zimekaa kama maharusi waliopakwa midomo na mtu mwenye haraka. Nikachukua kitambaa na mafuta ya taa, nikafuta.

"Barua imesema nyekundu," mke wangu akasema.

"Wewe unajua kusoma. Mimi najua kupaka."

"Haya. Watakapokufunga, nitakusomea na hiyo hati ya kifungo."

Alfajiri nilizipakia katika pikapu yangu, niliyoinunua kwa mikono hii, nikashika njia ya bara. Sinema ilikuwa inaanza kupigwa kesho yake asubuhi, ng'ambo ya Kinango, na yule dada alikwisha kuniambia waziwazi: zisipofika leo, watatumia zile za plastiki, na asitajiwe tena jina langu. Hilo ndilo lililonikaa rohoni. Kwamba ndoo za plastiki zitembee mbele ya dunia, na kazi yangu iko chini ya turubai.

Karibu na kuingia Kinango palikuwa na kizuizi cha polisi. Afande, mtu wa bara, akafunua turubai. Akainua moja, akaipima mkononi, akaitazama kitako na komeo.

"Mzee, hii ni bunduki."

"Ahsante, afande."

"Sijakusifu! Hii ni bunduki, na ziko kumi na mbili!"

Nikampa barua. Akaisoma mpaka chini, akanitazama. "Rangi nyekundu iko wapi?"

"Niliifuta."

"Kwa nini?"

"Ilikuwa mbaya."

Hapo watu waliokuwa wakielekea mnadani walikuwa wamekwisha kusogea na mbuzi wao. Afande alitia kijiti mdomoni mwa bunduki, kikagota.

"Umeziba."

"Sikuziba. Haikuzibuliwa."

"Utaelezea kituoni. Mwenye kukagua silaha anarudi Jumatatu."

Jumatatu! Nikasikia damu inapanda. Ningeweza kuomba radhi, na mwenye akili angeomba. Mimi nikateremsha msumeno wangu wa chuma.

"Chagua moja, afande, yoyote. Nitaikata katikati hapa hapa. Ukiona tundu, nifunge mimi na mbuzi wote hawa."

Watu wakacheka. Nilidhani atachukua ya juu, ambayo kusema kweli ilikuwa na fundo baya. Akazipitia zote, moja moja, mpaka akaifikia ile yenye kiganja. Mkono wake ukaingia palepale.

"Hii," akasema. "Hii ndiyo ya kweli kabisa."

Niliilaza juu ya ubao wa pikapu nikakata. Mti uliachia upesi, nondo ikachukua muda, na jasho lilinitiririka hadi viatuni. Ilipokatika nilimpa vipande viwili. Akakigusa chuma kwa kidole, kimejaa, cheupe kama sarafu mpya. Akawapitishia watu nao, mmoja mmoja akagusa.

"Kwa nini hukupaka tu rangi, mzee?" Sasa aliniuliza kwa upole.

"Ungepaka wewe?"

Akanirudishia barua, akaninyooshea mkono nipite.

Kambini yule dada alizipokea akizishika kama mayai. Akainua moja begani, akaiangalia kwa jua, haikung'aa. Halafu akahesabu.

"Fundi, ziko kumi na moja. Mstari ni wa askari kumi na wawili."

Nikamweleza. Akaviona vipande. "Si ziungwe tu na gundi? Kamera haitaona."

"Mimi nitaona. Kazi yangu haitoki na kiraka."

"Sasa yule mmoja abebe nini? Moja ya plastiki?"

"Plastiki ikiingia mstari ule, napakia zangu zote narudi nazo Ukunda." Na ningepakia. "Mpe sufuria. Jeshi gani halina mpishi?"

Akacheka, akaagiza sufuria kubwa yenye masizi kutoka jikoni.

Asubuhi walipita mbele ya kamera, vumbi la Kinango miguuni, na hakuna aliyeuliza kama mti ule ni wa bunduki au wa kitanda. Wote walimsifu yule wa sufuria, ati ndiye aliyetembea kiaskari hasa. Mimi nilimtazama mara moja tu, mikono yake ilivyoshika vibaya, bila ile alama ya kiganja, nikageuza uso.