Mpimaji wa Koo

Kabla ya kupitisha mpira mwembamba puani mwa mgonjwa, mpimaji wa koo huupasha joto viganjani, na kila asemapo "meza," koromeo lake mwenyewe hupanda na kushuka. Ndivyo Zarmina alivyomwona hospitalini Peshawar, babake alipopimwa kama ataruhusiwa kunywa tena baada ya kiharusi.

"Meza, Haji, kama unavyomeza maneno ya bibi nyumbani," mpimaji alimwambia mzee.

Naye alicheka kwa macho.

Zarmina akatoa kichupa cha maji ya Zamzam, yale ya kisima cha Makka. "Kaka, haiwezekani kutumia haya?"

Mpimaji akamwaga maji ya hospitali yaliyokuwa kwenye bomba la sindano, akajaza yale ya Zamzam. "Kipimo kinataka maji tu, dada. Hakichagui."

Akasema Bismillahi, akayadondosha ulimini. Kwenye skrini, misuli ya juu ya umio ilifunguka kidogo mno, maji yasingepita salama. Babake hakuruhusiwa kunywa tena; matone yale ya Zamzam yakawa maji yake ya mwisho, akafariki Ijumaa. Zarmina humwombea mpimaji yule katika kila sala. Jina hakumuuliza, lakini Mungu anamjua.