Alasiri ya Wazee wa Mwamba

Ashukuriwe Mungu ambaye hutuamsha kila siku wala hachoki nasi. Kwa rehema zake naishi Njiru, miguu ingali yanibeba, na juzi ilinifikisha soko la Kariokor kununua akala, vile viatu vya matairi. Redio ya fundi ilikuwa wazi, na ghafla likalia gitaa la umeme, lile la kizamani la kukwaruza. Nikabaki nimeshika kiatu kimoja. "Mama, hakikutoshi?" fundi akauliza. Lakini mimi nilikuwa nimerudi mtaani Makongeni, miaka ya tisini, nina miaka tisa.

Nililelewa na nyanya. Jumamosi asubuhi tulikaa mlangoni juu ya gunia tukichambua mboga ya mrenda, harufu ya dagaa wa omena wa majirani ikitujia kutoka kila upande. Nyanya alikuwa mwenyekiti wa kina mama kanisani. Nyumbani kwetu muziki wa dunia haukuingia. Hata kupiga mluzi nilikatazwa.

Wiki moja tangazo lilibandikwa kwenye ukuta wa ukumbi wa mtaa, kwa herufi nyekundu: WAZEE WA MWAMBA WARUDI JUKWAANI. Sasa wewe, kama ulikulia kanisani, niambie: Mwamba ni nani? Kwa nyanya hilo halikuwa swali. Mwamba ni Bwana, na wazee wake ni wazee wa kanisa. Hata hivyo alimuuliza kijana wa jirani.

"Hao wazee ni moto, shosho! Enzi zao wakiimba, watu walikuwa wanaanguka."

"Wanaanguka chini?"

"Kabisa! Wengine wanazimia."

Nyanya akanigeukia, uso unang'aa. "Umesikia? Roho alikuwa akishuka."

Jumamosi hiyo, saa nane mchana, aliongoza kina mama kumi na mmoja, vitambaa vyeupe kichwani, Biblia kwapani, kayamba mkononi, nami nyuma yao. Bawabu alituangalia, akakuna kichwa. "Sawa, ingieni, mkatuombee." Tukakaa safu ya mbele.

Wakatoka wazee wanne. Suruali za kubana, viatu vya visigino, mmoja nywele zimepakwa rangi nyeusi tii na mwingine miwani imefungwa kwa kamba. Gitaa lilipolia nililisikia kwenye meno. Waliimba roki, mwamba wa Kizungu, kwa Kiingereza cha mapua ambacho sikushika hata neno moja. Nyuma yetu vijana walipiga kelele, "Cheki mamathe wa kanisa! Leo mnadunda dansi?"

Mama mshonaji, msaidizi wa nyanya, aliinama. "Mwenyekiti, tutoke?"

"Tulia. Labda wanajaribu vyombo."

Walijaribu vyombo nyimbo tatu nzima. Kina mama wote sasa walimtazama nyanya. Kwetu, kuonekana kwenye dansi kulimvua mtu uongozi. Angesimama wakati ule, wote wangesimama, na ingebaki bahati mbaya tu. Nilimvuta kanga. Hakusimama.

Katikati ya wimbo wa nne, mwimbaji aliishiwa pumzi. Aliketi ukingoni mwa jukwaa, hatua mbili kutoka kwetu, mkono kifuani. "Samahani, jameni. Magoti yamekataa. Lakini Mungu bado ananiachia sauti kidogo."

"Amina!" kina mama wakajibu kwa mazoea. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Yeye hakucheka. Alimtazama nyanya. "Asante, mama. Nisindikizeni huu mmoja, niumalize."

Akaumaliza akiwa ameketi. Nami nikasikia kayamba, taratibu, karibu sana. Lilikuwa mapajani mwa nyanya. Uso wake haukuwa na furaha wala huzuni. Niliuchunguza nijue kama tunatenda dhambi, nikashindwa kuusoma.

Jumapili alisimama mwenyewe mbele ya kanisa kabla ya mtu kumshtaki. Mchungaji alimuuliza kwa upole, "Ulipogundua, mama, mbona hukutoka?"

Nilidhani ataeleza kuhusu lile neno kwenye tangazo. Lingemwokoa.

"Alituomba tumsindikize," akasema.

"Unatubu?"

"Natubu kuwapeleka wenzangu bila kuuliza vizuri. Hilo la kayamba bado sijalielewa."

Wakamvua uenyekiti. Tulikaa benchi la nyuma, la wenye adhabu, hadi Krismasi, na kila Ijumaa aliendelea kufua vitambaa vya meza ya Bwana kama kawaida, bila kununa.

Ukumbi ule sasa ni maduka ya simu. Nyanya alilala zamani, na wale wazee wanne nadhani wamemfuata. Sikumuuliza kamwe kama alikuja kulielewa lile la kayamba. Nilidhani muda upo. Siku hizi nami ni mzee wa kanisa, na kesi kama yake ikiletwa kikaoni, wenzangu hunyoosha mikono mapema kumhukumu mtu. Mimi huchelewa, nao hunikasirikia, nami siwezi kuwaeleza sababu.

Bwana akulinde, wewe unayesoma, pamoja na wote wa nyumbani mwako. Akuvumilie katika yale ambayo hujayaelewa, na asikuchoke unapochelewa. Amina.