Maganda ya Mususa Yapanda Musienene

Niliondoka Beni kwa sababu ya simu ya dada yangu Masika. Hakunisalimu hata. "Kakule, kuja. Banataka kuchimba shimo ya takataka mu bonde ya mama."

Miji miwili, Butembo na Beni, ilikuwa ikipanga pamoja namna takataka za majumba na za masoko zitakavyokusanywa: zipi zitumike tena, zipi zizikwe. Butembo, maganda ya vyakula ndiyo yanayozidi takataka nyingine. Wakulima wa kijiji cha Musienene wakikubali kuyapokea yawe mbolea, shimo dogo lingetosha, mbali na watu. Wakikataa, lingechimbwa shimo kubwa chini ya Mususa, mtaa wetu wa Butembo, katika bonde ambako mama yetu alilima mchicha wa lengalenga na vitunguu mpaka alipofariki, na ambako Masika analima leo. Na Musienene walikwisha kukataa mara moja.

Mimi ni mtu wa kuhamahama. Nimeuza nguo Bunia, nimechoma mikate Kamango, na sasa ninakaa Beni. Lakini nikisikia bonde la mama, miguu hainitulii.

Asubuhi nilipanda pikipiki. Tuliacha joto na mashamba ya kakao, tukaanza kupanda mlima wa Kabasha, na baridi ikatupokea. Nilisimamisha safari nivae koti. Dereva alicheka, akasema sisi watu wa Butembo tuliohamia Beni tumeharibiwa na jua. Nilikuwa nikitazama ukungu juu ya vilima na kuona fahari ya mtu anayerudi kwao.

Mususa, Masika alinipa ugali na kunieleza kwa nini Musienene walikataa. Kwetu, maganda yanamwambia jirani kilichopikwa. Mwanamke aliyelisha nyumba yake mihogo mitupu hapendi yaonekane. Kwa hiyo, walipoambiwa watenge maganda, kila mmoja aliyafunga ndani ya sasheti, mfuko mweusi wa plastiki, na kukaza fundo. Yakamwagwa katika mashamba ya Musienene na sasheti zake.

Safari hii Masika alitangulia yeye mwenyewe. Alipita mtaani na kitunga kilicho wazi, maganda ya mihogo juu. Jirani mmoja alimwuliza kwa sauti kama nyama imekuwa mwiko kwake. Masika akamjibu kwamba yeye angalau anajulikana amekula. Kesho yake jirani huyo naye akatoka na kitunga chake, cha ndizi, na baada yake mtaa mzima.

Siku ya soko tulikwenda Musienene. Lori lililoshusha viazi Butembo lilikuwa linarudi tupu, nasi tukalijaza maganda na kuketi juu yake, mimi na wanawake wa mtaa, wakinicheka kwamba nimezunguka dunia nzima ili nije kukalia maganda.

Mama Kahindo, kiongozi wa wakulima, alitupokea amesimama, mikono kiunoni.

"Mulituletea sasheti, mbuzi yangu ikakula, ikakufa. Leo munaleta nini, jeneza yake?"

Masika alipanda juu ya lori. "Mama, hii mara hatukufunga kitu. Hii ya mihogo ni yangu. Ile ya ndizi ni ya jirani. Tumepita nayo wazi mu barabara yote."

"Batu balikuona na mihogo tu?"

"Balikuona."

"Na haukusikia haya?"

"Nilisikia. Lakini bonde ni ya mama."

Mama Kahindo aliingiza mkono katika maganda hadi kiwikoni. Akatoa jani la mgomba. Akaingiza tena, akatoa kijiko, akauliza kama sasa tunawaletea na vyombo. Mwanamke mmoja wetu alikipokea akiinamisha kichwa. Alikuwa amemsingizia wifi yake kwamba amekiiba. Watu wa soko walicheka mpaka wakashikana mabega. Mama Kahindo alicheka mwisho kuliko wote.

"Basi, mutaleta siku ya soko, mu gari zenye zinarudia bure. Siku nitaona fundo moja ya sasheti, munarudia nayo yote."

Tuliporudi Butembo, alikuja pamoja nasi hadi biro, ofisi ambako mpango ulikuwa unaandaliwa. Ramani ilikuwa ukutani, bonde letu limezungushiwa kalamu. Afisa mwenye kazi hiyo alitusikiliza vizuri. Sasheti, alisema, zitatengwa ziende Beni, kwa mafundi wanaoziyeyusha kuwa matofali. Lakini kwa maganda alikuwa na shaka: nani atathibitisha kwamba wanawake hao watatenga kila siku, katika kila nyumba?

Mama Kahindo alivuta kitenge chake begani. "Ba mama ya Mususa? Mimi ninajua hata kitu kenye banakula."

Yule bwana alifuta duara la bonde. Masika alinishika mkono kwa nguvu.

Niliteremka Beni kesho yake nikiwa na kifua kipana. Nimepita miji mingi, lakini huko kwetu ndiko nilikojifunza kwamba mtu anaweza kumeza haya yake akalinda udongo wa watu wote. Asubuhi iliyofuata nilitoka na kitunga changu wazi, maganda ya viazi peke yake. Mama mwenye nyumba aliyatazama, akaniuliza kama nimefilisika.

Nikamwambia mimi ni mtu wa Mususa.